Nyuzi Ishirini na Nne

Kabla sijaondoka Kinangop, kila aliyekuja kuniaga alinionya juu ya joto. Shangazi yangu alinivua sweta mwilini siku yenyewe ya safari, akasema huko niendako ni jangwani, sweta itakuwa mzigo bure, heri abaki nayo aivae akienda kukamua. Nikamwachia. Kwetu asubuhi za Julai umande huganda juu ya majani ya kabichi ukafanana na chumvi, na mimi nilipanda ndege nikijua kwamba baridi na mimi tumeachana.

Wiki yangu ya kwanza Riyadh nililala nimevaa nguo zangu zote.

Nje kulikuwa tanuri kweli. Ukitoka kuanika nguo, zile za kwanza zilikuwa zimekauka kabla hujamaliza kutundika za mwisho. Lakini ndani ya nyumba ile ya ghorofa mbili, yenye sakafu ya marumaru, kulikuwa na kiyoyozi kimoja kikubwa kilichokaa juu ya paa, kikisukuma hewa katika vyumba vyote kupitia matundu ya dari. Kilichokiamuru kilikuwa kisanduku cheupe, ukubwa wa kiganja, ukutani kwenye ukumbi wa juu. Themostati. Ilikuwa na kioo cha namba na vitufe viwili, kimoja cha kupandisha, kimoja cha kushusha. Madam, mwenye nyumba niliyekuja kumfanyia kazi, aliiweka kumi na nane joto lilipoanza, na hapo ilikaa.

“Hii usiiguse,” aliniambia siku aliyonizungusha nyumba. “Ukifuta vumbi, futa pembeni.”

Sikumwona mbaya kwa hilo. Alikuwa mwanamke wa kutokwa jasho. Alirudi kutoka kazini alasiri uso umemwiva, akavua abaya mlangoni, akasimama chini ya tundu la hewa amefumba macho kama mtu anayeomba. Alinihadithia kwamba utotoni walilala ndugu wengi chumba kimoja, na mashine moja ya kupuliza hewa ya maji iliyoharibika kila mwaka. Aliapa akiwa na nyumba yake hatahisi joto tena. Kiapo chake kilipitia kwenye tundu lililokuwa juu ya mto wangu, katika chumba changu nyuma ya jikoni. Niliwahi kuliziba kwa kadibodi. Hewa ikaibandua ikaniangukia usoni.

Mume wa madam, ambaye sote, watoto wao na mimi, tulimwita baba, alikuwa mtu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni. Baridi ile ilimpata akiwa amelala tu.

Mambo yalibadilika mama yake alipohamia kwetu kutoka Jeddah. Alikuwa amebaki mjane, akaanguka bafuni, na mwanawe akaona hawezi kumwacha peke yake. Tulimwita mama kabira, mama mkubwa. Alikuwa mfupi, mchangamfu, mwenye magoti yaliyovimba na fimbo yenye mpira mweusi chini. Maisha yake yote aliishi kando ya bahari, madirisha wazi, na alipoingia ukumbini siku ile alisimama akavuta shela yake mabegani.

“Mnahifadhi nyama humu?” aliuliza.

Baba alicheka. Madam hakucheka.

Kazi yangu kubwa ikawa yeye: kumwogesha, kumkanda magoti, kumpa dawa. Magoti yale yalikuwa yakisoma themostati vizuri kuliko mtu yeyote. Baridi ikizidi, hakuweza kuinuka kwenda kuswali bila kunishika bega.

“Ya binti,” aliniambia siku moja, “nenda kaongeze namba kidogo. Kidogo tu.”

“Mama kabira, madam amenikataza.”

“Na mimi nakuomba.”

“Siwezi, mama. Nitafukuzwa.”

Hakuniomba tena. Na kuanzia wiki ile, namba zikaanza kupanda zenyewe. Madam alirudi akakuta ishirini na tano. Akashusha. Kesho yake akakuta ishirini na sita. Akaniita juu.

“Nani ameshika hapa?”

“Si mimi, madam.”

“Watoto wako shule. Baba yuko kazini. Mama hawezi kusimama bila wewe. Basi ni jini?”

Nilirudi jikoni nikaosha upya vijiko vilivyokuwa safi tayari. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi nchini, ilikuwa mkononi mwao, na nilijua wasichana waliorudishwa ofisini kwa wakala kwa makosa madogo kuliko hayo.

Siku chache baadaye nilikuwa napanda ngazi na kapu la nguo nikamwona. Mama kabira alikuwa ameegemea ukuta wa ukumbini, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, ameinua fimbo yake na kubonyeza kitufe kwa ule mpira mweusi. Tii. Tii. Tii. Kisha akageuka, akatambaa na ukuta mpaka chumbani kwake. Hakuniona.

Sikusema. Ningesemaje? Kumshtaki mama mkwe kwa mkwewe ni kujichimbia kaburi. Lakini sitaficha kwamba iliniuma, maana jioni ile nilipogombezwa tena, safari hii mbele ya watoto, yeye alikuwa ameketi palepale kwenye kochi, anahesabu tasbihi, macho chini. Nilimkanda magoti yake usiku ule bila kusema naye neno. Na yeye hakuniuliza kwa nini.

Kiangazi kikapita hivyo. Madam alibandika karatasi juu ya themostati, imeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza: usiguse. Fimbo haikujua kusoma.

Kisha ukaja msimu wa baridi, na hapo ndipo nilipojua kwamba Riyadh ina baridi ya kwake yenyewe, si ya mashine. Upepo ulitoka jangwani mkavu, ukapita chini ya milango, na marumaru zile zikawa kama kukanyaga barafu. Kiyoyozi kiliweza kupuliza hewa ya moto vilevile. Ilikuwa ni kubonyeza tu. Lakini madam alisema hewa ile inamkausha koo na kuwatoa watoto damu puani, na inanuka vumbi. Akazima kabisa. Watu walivaa majoho mazito ndani ya nyumba, wakalala chini ya mablanketi mawili mawili.

Mama kabira hakuweza. Asubuhi moja, nikiwa napiga pasi chini, alimpigia simu dereva wa nyumba, Mkenya mwenzangu kutoka Bungoma aliyeishi kwenye chumba kando ya geti, akamwambia amletee makaa. Uani kulikuwa na jiko la shaba walilolizunguka siku za mapumziko wakinywa kahawa. Dereva akadhani anataka kufukiza udi. Akayakoleza, akamwekea jiko mlangoni pa chumba, akarudi zake.

Mama kabira akaliingiza ndani. Akafunga dirisha. Akafunga mlango, na kwa sababu upepo ulipita chini yake, akasukumia taulo pale chini kwa ile fimbo.

Nilipomaliza pasi nilichemsha maziwa na tangawizi nikampelekea. Mlango ukagoma. Nikadhani amesimama nyuma yake, nikaita, “Mama kabira, ni mimi.” Kimya. Nikasukuma kwa bega. Taulo likasogea, na joto likanipiga usoni, joto zito la jikoni kwetu siku ya mvua. Kinangop kila mtu anajua habari ya jiko lililolala ndani na watu, asubuhi wasiamke. Nadhani hata hapo Riyadh kila mtu anajua. Kujua na kusikia baridi ni vitu viwili.

Alikuwa ameketi kitini, kichwa kimemwangukia begani, tasbihi chini sakafuni. Nilimtikisa. Alifungua macho, akasema kitu kisicho neno, akayafumba.

Sikumbuki maziwa niliyatupa wapi. Nilifungua dirisha, nikapiga ukelele kwa Kikuyu, lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani, na bado kila mtu akaielewa. Madam hakwenda kazini siku ile, alikuwa na mafua. Alikuja mbio miguu mitupu, nywele wazi. Akaona jiko, akaniona mimi, hakuuliza.

“Shika miguu!” alisema.

Mimi nikashika miguu, yeye akamkumbatia chini ya makwapa, tukamshusha ngazi hivyo, madam akilia na kusema “ya Rabb, ya Rabb” kila kidato. Dereva alitupokea chini. Tukamlaza uani juu ya zulia, uso kwenye upepo uleule tulioukimbia majuma yote. Madam alivua joho lake akamfunika, akabaki na nguo ya kulalia, anatetemeka, anampapasa mashavu. “Mama, vuta pumzi. Vuta. Tena.” Sikuwahi kumsikia akimwita mama kwa sauti ile.

Na mama kabira akavuta. Akakohoa, akatapika, akafungua macho, akasema, “Mbona mmenileta nje kwenye baridi?”

Hospitali walimwekea hewa safi ya mtungi siku nzima. Daktari akasema tumewahi, moyo wake ni mzima. Lakini sisi wawili, mimi na dereva, tulikaa jikoni bila kutazamana. Yeye ndiye aliyewasha makaa, mimi ndiye niliyekuwa nimeachiwa kumtunza. “Wakisema ni sisi, tutajitetea na nini?” aliuliza. Chai yake ilipoa mbele yake.

Jioni ya siku iliyofuata walirudi naye. Baba alimketisha kochini, akatuita wote. Kabla hajafungua mdomo, mama yake akagonga fimbo sakafuni.

“Makaa niliagiza mimi. Huyu kijana sikumwambia ni ya nini. Na kitu kingine.” Alimgeukia madam. “Zile namba za kiangazi, nilipandisha mimi. Kwa hii.” Akainua fimbo. “Binti huyu nilimwomba akakataa. Uliposema naye, mimi nilikaa kimya. Niliogopa mtanirudisha Jeddah nikakae peke yangu. Halas, nimesema.”

Madam aliitazama fimbo, ule mpira mweusi, kisha akainua macho kuelekea ukumbi wa juu, kama anayepima urefu. Ghafla akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye zulia, na katikati ya kicheko kikawa kilio, akalaza kichwa kwenye magoti yale yale ya mama mkwe wake.

Alinifuata jikoni baadaye. Alishika ukingo wa meza. “Nilikuita mwongo,” alisema. “Hukuwa mwongo. Unisamehe.” Nikasema yamekwisha, madam. Na kweli yalikuwa yamekwisha. Nilihisi mabega yangu yakishuka, sikujua kumbe nilikuwa nimeyapandisha tangu Agosti.

Baba alimleta fundi, Mpakistani mzee mwenye sauti ya pole. Tulisimama wote chini ya themostati, yeye akaeleza: ukiweka kumi na nane chumba hakipoi haraka zaidi, mashine inafanya kazi muda mrefu tu. Na kila tundu la dari lina vipande vinavyofungika; si lazima wote wapate hewa sawa. Chumba cha mama kiwekewe hita ya mafuta, ile isiyo na moto wala moshi.

“Basi kiangazi tuweke ngapi?” baba aliuliza.

“Ishirini na mbili,” madam alisema.

“Ishirini na saba,” mama kabira alisema.

“Mama, nitayeyuka!”

“Na mimi nitaganda. Chagua utamzika nani.”

Walibishana pale kama wanaopatana bei ya samaki, wakikatana maneno, na baba ameegemea ukuta anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Wakaafikiana ishirini na nne, tundu la mama lifungwe nusu, na madam akirudi kazini apewe feni yake pale kwenye kochi. Kipupwe, ishirini na moja, na bakuli za maji zitawekwa vyumbani hewa isikauke. Karatasi ya usiguse ikabanduliwa.

Fundi alikuwa tayari anafunga mkoba wake madam aliponigeukia. “Na chumba chako je?”

Sikutegemea. “Kuna baridi, madam,” nilisema.

“Sana?”

“Sana.”

“Yalla,” akamwambia fundi, na wote tukashuka kwenda nyuma ya jikoni. Mzee yule alipanda juu ya kitanda changu kwa soksi, akazungusha bisibisi, na upepo uliokuwa ukinipiga utosini ukageuka ukaelekea mlangoni.

Magoti yalipopata nafuu, mama kabira alitangaza kwamba anarudi Jeddah, na kwamba harudi bila mimi. Hakuna aliyepinga. Madam mwenyewe ndiye aliyenikunjia mablanketi, ingawa Jeddah hayahitajiki.

Huku tunakaa ghorofa ya pili, mtaa wa zamani. Ijumaa nashuka Kandara, mtaa mmoja wa hapahapa Jeddah, kununua unga wa ugali na kukutana na wasichana wa kwetu, na nikiwasimulia habari ya fimbo wanashika mbavu. Miezi ya baridi tunafungua madirisha yote, mama kabira anaketi roshanini na magoti yake juani. Kiangazi ni jasho. Kuta zenyewe hutoa unyevu. Kila chumba kina kiyoyozi chake, na siku ya joto la kwanza aliniita akanipa rimoti ya chumba changu.

“Weka unavyotaka,” alisema. “Usiniulize.”

Niliketi kitandani nikaishika muda mrefu. Nilijaribu ishirini, nikaona hapana. Nikajaribu ishirini na nane, nikaona nitachemka. Nilipopata namba yangu nililala usingizi mmoja mpaka jua likanikuta, na kilichoniamsha ni harufu ya tangawizi. Mama kabira alikuwa ameamka kabla yangu, amejitengenezea maziwa mwenyewe, na kikombe cha pili kilikuwa mezani kimefunikwa kisahani.