Kuhe Wawili wa Ghuba Letu

Mwezi uliopita nilishuka Rumonge kwa harusi ya binamu yangu, na kwa kuwa nyumba ya shangazi ilijaa wageni hadi uani, nikalala hotelini. Hoteli yenyewe imejengwa juu ya ghuba dogo tulilokuwa tukiliita letu, kwenye njia ya kwenda Gatete. Asubuhi nikakuta bango mlangoni, la Kifaransa na Kiswahili, lenye picha ya samaki mkubwa akiruka nje ya maji. Limeandikwa: Vueni kwa ndoano, samaki tele. Nilimtazama yule samaki kwa muda. Hakuwa hata wa ziwa hili. Nadhani walimkata kwenye picha ya bahari ya watu wengine.

Nikachukua ufito wao wa kuvulia, unaong'aa, nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Msimamizi, bwana mmoja wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akanifungia chambo.

"Kaa tu, dada," akasema. "Samaki hapa iko mingi. Juzi kuna muzungu moja alishika kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

Akanionyesha kwa mikono. Alipoona namtazama tu, mikono ikaanza kusogeleana yenyewe.

Nilikaa toka wakati wa chai hadi adhana ya adhuhuri. Nilipata kimoja, kisamaki cha urefu wa kidole, na nilikirudisha majini kabla hakijafa kwa aibu ya kunifurahisha. Yule bwana alisikitika kwa sababu hakuwahi kunipiga picha nacho. "Ungekileta karibu na kamera," akaniambia, "ingeonekana kubwa." Hapo ndipo ilipofikia Rumonge, rafiki yangu. Samaki anakuzwa na kamera.

Nikuambie ghuba hili lilikuwaje, maana ukiwauliza watu wa hapa siku hizi watakudanganya bila kukohoa. Mmoja atakwambia maji yalipopanda na kula nyumba za ufukweni, samaki nao waliogopa. Mwingine atasema ni watu wa ng'ambo, upande wa Kongo, waliowavutia kwa taa. Dereva wa pikipiki aliyenileta kutoka stendi ana hakika ni joto. Ukiwasikiliza wote, samaki wetu walihama kwa hiari yao, wakafunga mizigo, wakaaga. Hakuna hata mmoja atakayekwambia kwamba tuliwamaliza sisi, kwa mikono hii hii, tukicheka. Mimi nitakwambia, kwa sababu nilikuwepo.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, na upepo ukitoka mlimani ulileta harufu ya mawese yanayochemshwa kwenye mapipa, ukitoka ziwani ulileta harufu ya ndagala, yaani dagaa, wanaokauka. Kazi yangu ya asubuhi, kabla ya shule, ilikuwa kuwageuza ndagala wa mama mchangani kwa ufagio na kuwafukuza kunguru. Mchana tulikula ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, na siku ambayo bibi alitoka ziwani na kitu, tulikula samaki wa kuchoma juu ya ganda la mgazi wa mawese, ngozi yake ikipasuka na mafuta yakilia motoni. Sijala kitu kama kile tena, na nimekula kwenye hoteli kubwa kubwa za Bujumbura, ambako wanakuletea samaki aliyeganda barafu nchi nyingine wakamwita wa kwetu.

Bibi, mama yake baba, alivua kwa mshipi wa mkononi. Mwanamke kuvua halikuwa jambo la heshima sana, na wavuvi wa mitumbwi walimsema. Hakuwajali. Alikaa juu ya mwamba mmoja upande wa kushoto wa ghuba, kanga imefungwa kiunoni, uzi umezungushwa kwenye kidole cha shahada, na mimi pembeni na kopo la minyoo. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba uliona mchanga wa chini kama unavyoona sakafu ya nyumba iliyofagiliwa. Alijua samaki gani anapita saa ngapi. Alijua kwamba baada ya mvua ya kwanza singa, yule mwenye ndevu, anakuja karibu na matope, na kwamba jua likikolea ni bora kwenda kulala.

Na alimjua kuhe. Kuhe, kama humjui, ni samaki wa manjano mwenye mabaka meusi ubavuni, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima toka kiwiko hadi ncha za vidole. Nyama yake ndiyo iliyokuwa sifa ya ziwa lote. Kila mwaka jozi moja au mbili zilikuja ghubani kwetu kuzaa. Dume na jike walichimba mchanga mpaka ukawa kama sahani, wakataga humo, kisha wakakaa juu ya watoto wao majuma na majuma, mmoja huku mmoja kule, wakifukuza kila kinachopita. Watoto walikuwa wengi kama moshi. Wakati huo wazazi hawali. Lakini ukitupa ndoano pale wanaing'ata, si kwa njaa, kwa hasira ya kulinda. Ndiyo maana kuwakamata ilikuwa kazi rahisi kuliko kuchota maji.

Bibi hakuwagusa. Msimu wote alivua upande wa pili wa mwamba, akipata vidogo vidogo, huku samaki wawili wakubwa kuliko wote wakizunguka chini ya miguu yake.

"Mwenye kulea haguswi," alisema. Hakuwa mtu wa kufafanua.

Sasa nikuletee jirani yetu, fundi cherehani. Alikuwa mtu wa suruali yenye mstari wa pasi na maneno matamu, mtu ambaye akikusalimu unahisi amekupima bega. Mwaka ule watu wa zahanati walipita nyumba kwa nyumba wakigawa vyandarua vya mbu, bure, kimoja kwa kila kitanda. Sisi tulipata kimoja, kikatundikwa juu ya mkeka niliolala na bibi. Kilipochanika pembeni, bibi alikitia kiraka kwa uzi mwekundu, kwa sababu ndio uliokuwepo.

Fundi akaanza kupita kwenye nyumba, wakati wakubwa hawapo. Alinikuta nafagia uani.

"Chandarua chenu munakitumia kweli?" akaniuliza. "Joto hili?"

Nikasema tunakitumia.

"Nipatie, mi nitakushonea gauni ya Idi. Yenye mikono ya kuvimba."

Nilimpa. Sitakutafutia sababu, sikuwa na njaa, sikutishwa, nilikuwa na akili zangu. Nilitaka mikono ya kuvimba. Bibi alipouliza nikamwambia nilikifua, upepo ukakichukua. Alinitazama, akasema upepo wa siku hizi una nguvu, na toka usiku ule mbu wakatula wote wawili.

Haikupita juma moja, asubuhi ya siku isiyo ya shule, tukasikia kelele ghubani. Fundi alikuwa ameunganisha vyandarua vya mtaa mzima kwa cherehani, mshono juu ya mshono, vikawa wavu mmoja mrefu wa kuziba ghuba kutoka mwamba hadi mwamba. Watu walikuwa wameshika kamba pande mbili, wanaume, wanawake, hata mwalimu wetu wa darasa la nne amekunja suruali. Walikuwa wanavuta kuelekea ufukweni na kuimba. Nyuzi za chandarua zimekaribiana mno, hata mbu hapiti. Basi fikiria samaki.

Wavu ulipofika kwenye maji ya magoti, bibi aliingia ziwani na kanga yake, akasimama mbele yao. Ndani ya wavu kulikuwa na kitu kama uji, uji wenye macho.

"Fundi," bibi akasema, "hizi ni toto. Ngoja zikomae."

"Mama, ziwa iko kubwa," fundi akajibu, bila kuacha kutabasamu. "Samaki ni ya Mungu. Haiwezi kuisha."

"Ya Mungu, ndiyo. Lakini Mungu hakukutuma uvune mbegu."

"Mimi nisipovuna, mwingine atavuna."

"Huyo mwingine sijamuona. Namuona wewe tu."

Watu walicheka, na kwa mara ya kwanza walicheka upande wa bibi. Mwalimu aliachia kamba kidogo. Naapa kwamba kwa dakika ile jambo lingeweza kwenda upande wowote. Bibi akainama, akashika ukingo wa wavu ili auinue, waliomo watoke.

Hapo akaona kiraka. Kilikuwa mkononi mwake, cheupe, na uzi mwekundu umekizunguka, mshono wake mwenyewe. Fundi naye alikiona.

"Unaona, mama," akasema kwa upole, ule upole wake wa kupima bega. "Hata nyumba yako iko ndani."

Bibi hakunitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama mchangani hatua chache tu, na nilikuwa nangoja anitazame, lakini hakugeuka. Aliachia ukingo wa wavu, akatoka majini polepole, akaenda nyumbani na kanga inayodondosha maji. Watu wakashika kamba tena. Mwalimu pia.

Jioni fundi alituletea sahani ya zile toto za samaki, amefunika kwa kitambaa safi. Ujirani mwema, alisema. Mama alizikaanga kwa mawese na nyanya, vitunguu vingi. Bibi alikula ugali kwa lengalenga. Mimi nilikula zile toto. Nataka ulijue hilo pia. Zilikuwa tamu, zinavunjika mdomoni kama karanga, na niliomba niongezewe.

Siku mbili baadaye bibi aliniita twende mwambani. Nilichukua kopo la minyoo, akasema weka chini, halihitajiki. Tukakaa. Maji yalikuwa yametulia, mchanga umerudi mahali pake. Na wale kuhe wawili wa mwaka ule walikuwepo. Sijui walipitaje, labda waliruka juu ya wavu, labda walikuwa upande wa nje. Walikuwa wanazunguka sahani yao ya mchanga, mmoja huku mmoja kule, vilevile kama zamani. Samaki mdogo, ngege, akapita, dume akamfukuza kwa nguvu zote, akarudi mbio mahali pake. Sahani ilikuwa tupu.

"Wanalinda nini?" nikauliza.

"Wanafikiri zimejificha," bibi akasema.

Tulikaa pale muda mrefu. Nililia, lakini si kwa sauti, kwa sababu nilijua sina haki ya kubembelezwa. Bibi alitoa mshipi kifuani, akafunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye ndoano, akaitupa katikati ya ile sahani. Jike alikuja papo hapo. Halafu dume. Walikuwa wamekonda; ukiwashika ulihisi mifupa, kwani hawakuwa wamekula toka waanze kulea. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona bibi akimvua kuhe msimu wa kuzaa.

"Sasa hawalei mtu," akasema. Kisha, baada ya kuzungusha uzi wote, "Na wewe umeona."

Tuliwabeba nyumbani, akawachoma mwenyewe, akanikatia kipande cha shavu, sehemu ambayo siku zote ilikuwa yake. Nilimeza. Nyama ilikuwa kama nyuzi. Hakunipiga, hakumwambia mama, wala hakulitaja tena jambo lile hadi alipofariki miaka sita baadaye. Gauni lilikuja kabla ya Idi. Mama alishangaa ukarimu wa fundi, na mimi nililivaa, kwa sababu nisingelivaa ningeulizwa.

Baada ya hapo kila ghuba lilipata fundi wake. Mwaka uliofuata ilikuja jozi moja ya kuhe, na mwisho wa mwezi haikuonekana tena. Mwaka wa tatu haikuja. Wavu ulipokosa samaki walishona wavu mrefu zaidi, maana ndivyo akili yetu inavyofanya kazi. Nimesikia habari hiyo hiyo Gitaza na Muhuta kote, kwa majina mengine.

Fundi yuko hai, kwa taarifa yako. Amenenepa, ni mzee wa heshima, na sasa ni mkuu wa kamati ya kulinda ufukwe. Kwenye harusi alishika kipaza sauti, akatuhutubia wote tukingoja pilau: tusivue watoto wa samaki, ziwa ni urithi, tufikirie vizazi. Watu walimpigia makofi. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa meza ya mbele, na alipiga kuliko wote. Mimi nilikaa na mikono mapajani. Ningeweza kusimama. Nilijua kila neno ambalo ningesema, na nilijua pia kiraka kilitoka nyumba ya nani.

Wanasema samaki wakiachwa watarudi, na kwamba ile miezi ya kila mwaka ambayo ziwa linafungwa watu wasivue imeanza kuleta kitu. Huenda. Maji yana subira kuliko sisi. Lakini si samaki wanaonisumbua ninapokumbuka ghuba lile. Nakumbuka mwanamke mmoja mwenye njaa ya kawaida na wajukuu wa kulisha, amekaa juu ya jiwe, chini yake samaki wawili wakubwa wanaokamatika kwa kitambaa tu, na yeye amegeukia upande wa pili anatafuta vidogo. Hakuna aliyekuwa anamtazama isipokuwa mimi. Mtu wa namna hiyo hazaliwi kwa kufunga ziwa miezi mitatu, na Rumonge nzima, mimi nikiwa ndani yake, sijaona aliyebaki.