Etapi Tatu Nyuma ya Mzee

Ukisikia kwamba kanisa letu liliwahi kuandaa mbio za baiskeli za kulipwa, tena katika miji mitatu ya Marekani, usicheke haraka. Subiri nimalize, ucheke vizuri.

Mwenye wazo alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa hapa Buffalo. Tulimwita Mzee tu. Alikuwa na tumbo la mtu aliyebarikiwa mno, na alikuwa na hadithi moja: kwamba zamani, kwetu Kivu, zilipoanza zile mbio za kulipwa za kwenda mji hadi mji kwa siku nyingi, yeye alikuwemo, na alimaliza wa saba. Nilipokuwa shule ya msingi alikuwa wa saba. Nilipoingia sekondari alikuwa wa nne. Kwa mwendo ule nilijua nikifika chuo atakuwa ameshinda.

"Bon," alituambia vijana baada ya ibada, "course ya kweli iko na etapi. Leo munakimbia huku, siku ingine kule. Kila mutu anahesabiwa saa yake, halafu tunajumlisha. Mwenye saa kidogo, njo champion."

Etapi ya kwanza Louisville, ya pili Columbus, ya mwisho hapa nyumbani, Jumamosi tatu za kiangazi, kwa sababu miji yote hiyo ina makanisa ya watu wetu. Mshindi wa kila etapi angepewa mfuko wa unga wa muhogo. Donc, yaani kwa hiyo, akasema Mzee, sisi ni waendeshaji wa kulipwa. Tukapiga makofi. Kisha akatangaza kwamba na yeye atakimbia, ili tujifunze. Makofi yakapungua.

Mtu mmoja tu alizichukulia mbio hizo kwa uzito: yaya, dada yangu mkubwa. Asubuhi alisoma chuoni, jioni aliwaosha na kuwalisha mabibi wa Kizungu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kote huko alikwenda kwa baiskeli, hata theluji ikiwa imefika magotini. Kocha wa chuo alimwona siku moja akiliacha basi la mji nyuma, akamwita kwenye timu. Shida ni kwamba timu hiyo ilifanya mazoezi Jumapili asubuhi, na Jumapili asubuhi yaya alikuwa kwenye kwaya, sauti ya kwanza, mstari wa mbele, mahali ambapo papa, yaani baba yetu, angeweza kumwona bila kugeuza shingo.

Alimwomba papa mwezi mzima. Mwishowe papa akamjibu mbele ya mama, "Ukishinda ile course yote, Jumapili ni yako." Akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Ndilo analolitoa anaponikabidhi rimoti ya televisheni akijua haina betri.

Tulifika Louisville kwa basi dogo la kanisa, mbavu zikiuma. Njia ilipangwa Jeffersontown, pembeni mwa mji, kwenye viwanda na maghala, kwa sababu Jumamosi zile barabara pana hubaki tupu. Maombi ya kufungua yalikuwa marefu kuliko mbio zenyewe. Mchungaji wa kule aliombea matairi, moja baada ya jingine, na yangu aliyaombea mara mbili, maana baiskeli yangu ilikuwa ya zambarau na niliiokota kando ya barabara siku ya kutupa takataka.

Papa, aliyepewa kazi ya kushika saa kwa simu yake, akapiga filimbi. Mzee akatangulia. Hapo ndipo nilipoelewa lile tabasamu.

Hakuna aliyempita! Vijana wenye mapaja kama magogo, wanaobeba makasha usiku kucha kazini, walijipanga nyuma ya mgongo wa Mzee kama bata. Kwetu kila mzee huitwa papa, na huwezi kumpita papa wa watu kutoka nyuma, fyuu, kana kwamba ni mbwa aliyelala njiani. Unapunguza mwendo. Naye Mzee alienda kwa mwendo wa mtu anayetafuta kitufe kilichodondoka. Wawili wakaanguka, kwa sababu baiskeli ikizidi kwenda polepole huanguka. Adabu haijasoma fizikia. Mimi nilikula maandazi mawili njiani, na bado nikasubiri.

Mzee akafika wa kwanza, sisi wote nyuma yake kwa saa ileile. Wakamvisha jezi ya njano ya anayeongoza mbio, yaani kile kizibao cha kung'aa cha wafanyakazi wa ghala. Akalia machozi.

Ndani ya basi nikamuuliza yaya, "Kwa nini hukumpita?"

Akanijibu kwa Kiingereza kwamba nimpite mimi kwanza.

Columbus alijitokeza mwanafunzi mmoja Mkenya, rafiki wa mtu wa kwaya, amevaa zile nguo za kubana na kofia ya plastiki yenye mkia. Hakujua lolote. Baada ya kona ya kwanza akasema, "Excuse me, mzee," akapita. Akina mama waliokuwa wakiimba kando ya njia wakanyamaza wote kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa. Tulipofika mwisho tulimkuta ameshamaliza maji yake na anajipiga picha.

Papa akamwendea. "Wewe umefutwa."

"Kufutwa aje? Si hii ni race?"

"Iko race. Lakini ule ni papa."

"Sasa nyinyi mnashindana na nani?"

Swali zuri. Walimpa sahani ya wali na sombe, yale majani ya muhogo, kwa sababu hatufukuzi mtu na njaa, akala, akafunga baiskeli yake kwenye gari, akaenda zake. Mfuko wa pili wa unga ukapakiwa kwa Mzee. Yaya hakula. Alikuwa ameona wazi kwamba akibaki nyuma hashindi, na akipita anafutwa, na njia zote mbili zinaishia kwenye kwaya.

Etapi ya Buffalo ilianzia kando ya mto, ambako upepo wa ziwa huja usoni bila kuuliza, kisha ikakata ndani ya mtaa wa West Side kati ya nyumba za mbao hadi mlangoni mwa kanisa. Upepo ulimpiga Mzee kwenye tumbo kama tanga. Tulikuwa karibu kusimama. Yaya akasogea, gurudumu lake la mbele likawa ubavuni kwa Mzee.

"Pardon, papa. Naomba njia."

"Tulia nyuma, mwanangu. Tutafika wote."

"Papa, naomba njia."

"Nimesema hapana!"

Basi yaya akainama. Kwetu msichana akipita karibu na mkubwa huinama kidogo, kwa heshima, kisha hujiinua. Yeye aliinama hadi kidevu kikakaribia usukani, na hakujiinua tena. Niliona visigino vyake tu, halafu hata visigino sikuviona. Nikapiga mluzi. Wale wanaume wote wakanitazama mimi, si yeye, na hakuna hata mmoja aliyemfuata. Mapaja kama magogo, kweli; na magogo hayaendi popote.

Mlangoni mwa kanisa hakukuwa na kofi hata moja. Yaya alikaa kwenye ngazi, anahema. Mzee alipofika hakushuka hata kwenye baiskeli.

"Mufute," alimwambia papa. "Kama ule Mukenya."

Papa aliangalia simu yake. Huyu ni mtu aliyembebea Mzee Biblia tangu kambi ya wakimbizi, ambaye sijawahi kumsikia akimpinga hata kuhusu hali ya hewa. Sikutegemea kitu.

"Mzee, mutoto alikuomba njia?"

"Aliomba."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Nikamukatalia!"

"Bon. Ule Mukenya hakuomba. Huyu aliomba." Papa akakohoa. "Donc hakukuvizia. Saa yake ya etapi zote tatu iko hapa, nayo njo kidogo kuliko zote."

Akaisoma kwa sauti. Mama mmoja akasema "Eh!" na huo ndio ukawa ushangiliaji wote. Mzee akaondoka na kizibao chake cha njano, na mfuko wa tatu wa unga pia aliuchukua. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Tulipoegesha gari mbele ya nyumba papa akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Jumapili utaenda," alimwambia yaya bila kugeuka. "Lakini usifikiri mimi nitakupeleka."

"Niko na baiskeli, papa," yaya akasema, akafungua mlango.