Mgonjwa wa Lutgard

Mchana Odiel Vanhaelst aliwafundisha watu wa Lindebeke kuendesha gari, na jioni akawafundisha kunywa. Kwa udereva hakuna aliyemkumbuka. Mwanafunzi akishapata leseni alimpita barabarani bila hata kupiga honi. Lakini kwa bia! Kila Jumamosi gazeti la mkoa lilikuwa na safu yake, ubavuni mwa matangazo ya vifo, na wazee wengi walianza na Odiel kabla ya kutazama nani kafa.

Alizijua bia kama mbea anavyozijua ndoa za watu. Angenusa glasi akakwambia watawa wapika bia wa mahali fulani wamebadilisha sukari, au kwamba kiwanda fulani cha Bohemia siku hizi kinaiamsha bia kabla haijamaliza usingizi. Hakuwa mwongo. Ila alipenda mno kuchekesha. Bia moja ya Wajerumani aliiandikia kwamba ina ladha ya maji yaliyowahi kusimuliwa habari za shayiri, na watu wakacheka wiki nzima.

Aliyemfundisha kuonja ni Lutgard De Mol. Katika bonde lile la Lindebeke shayiri na ngano huchemshwa majira ya baridi tu, kisha huachwa zipoe madirisha wazi, hewa yenyewe iingie na vijidudu vyake. Mtu akitia hamira, anachekwa. Lutgard hakuchemsha. Yeye alinunua maji yale ya nafaka yaliyokwisha kuchemshwa, akayalaza kwenye mapipa kwa miaka, akachanganya ya zamani na machanga, akayatia chupani. Mapipa yalikuwa ya babake. Hata buibui wa ghalani walikuwa wa babake, na hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa. Odiel akiwa kijana alikaa pale kwenye kigoda, mkononi mkate wa jibini laini na figili, Lutgard akimwambia, "Usimeze upesi, mdogo wangu. Hufukuzwi."

Na kuna jambo ambalo kila mtoto wa bonde analijua: bia hii huugua. Joto la kiangazi likiikuta chupani, huwa nzito, ikavutika kama mlenda. Wenyewe hawasemi imeharibika. Husema mgonjwa kalala, wakamwacha. Miezi ikipita hujiponya, na mara nyingi iliyougua huwashinda wazima.

Mwaka ule mzigo wote wa Lutgard uliugua. Wenye baa walioagiza walikubali kungoja, wa bondeni kama baba zao walivyongoja, wa mjini kwa kuambiwa tu kwamba bia bado. Mmoja tu, Remi wa baa iliyo karibu na kanisa, alikuwa ameshabeba kreti yake, akaisukuma nyuma ya jiko bovu la makaa ipumzike.

Odiel akaenda ghalani.

"Naomba moja, dada."

"Huyo mgonjwa, Odiel. Njoo baada ya Pasaka."

"Nakuja kumjulia hali tu."

"Kumjulia hali na kalamu mfukoni?" Lutgard alicheka. "Toka hapa, mchawi wee!"

Naye akacheka, akambusu mashavuni, akatoka. Ndani ya koti lake mlikuwa na chupa.

Nyumbani aliimimina. Ilishuka kwenye glasi kama uzi mrefu. Alijua inaumwa nini, na hilo ndilo lililokuja kumla moyo: asingejua, angekuwa mjinga tu, na mjinga husamehewa. Lakini gazeti lilikuwa linamngoja, safu ilikuwa tupu, na sentensi ilikuja yenyewe, imevaa na kujipaka mafuta: "Bia ya mwaka huu ya Lutgard De Mol haitaki glasi, inataka sindano za kufumia." Chini yake akaongeza: "Bia hii huugua, kisha hupona." Akasoma tena. Mstari wa pili ulikipoza kichekesho. Akaufuta.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Jumamosi ile baa nzima ya Remi ilimpokea kwa kelele.

"Mwalimu kaja! Remi, lete glasi!"

"Glasi ya nini? Mletee sindano!"

"Mimi nifumie soksi!"

Odiel aliinama kama mwigizaji. Wiki iliyofuata wenye baa wa mjini, wasiojua lolote la wagonjwa, wakaghairi. Wa bondeni wanajua, lakini nani atamwekea mteja chupa ambayo mtaa mzima unaifumia soksi? Mmoja mmoja nao wakaghairi. Lutgard hakumjia Odiel. Laiti angekuja akamtukana. Bila mnunuzi wa kumngojea mgonjwa, alimwaga mzigo wote mferejini, na majira ya baridi yalipofika hakuwa na uwezo wa kununua maji mapya. Pipa likikaa kavu mbao huachana kama meno ya kikongwe. Alipofika mtu wa bustani za manispaa na msumeno wake, Lutgard alimfungulia mlango.

Mapipa yakakatwa nusu, yakatiwa udongo na maua, yakapangwa kwenye mzunguko wa barabara pale ambapo Odiel huwafundisha watu kungoja zamu. Kuna siku binti mmoja kwenye usukani alimuuliza, "Mwalimu, hii mara ya tatu tunazunguka. Tunatoka njia ipi?"

"Yoyote," alisema Odiel, macho kwenye maua.

Pasaka ilipita, na kiangazi kingine, ndipo Remi alipohamisha jiko na kuikuta kreti aliyoisahau. Alifungua chupa moja, akaonja, akasimama. Kisha akampelekea Odiel nyingine, bila utani wowote.

Odiel hakuimaliza. Aliziba kilichobaki kwa kizibo, akaenda nacho moja kwa moja kwa Lutgard, ambaye siku hizi alikuwa akipakua supu kwenye shule ya kijiji. Alimkuta nyumbani, bado na aproni.

Lutgard aliinua glasi dirishani. Ilikuwa safi kama asubuhi, povu limekaa. Akanywa. Hakumeza upesi.

"Imepona," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari njema baada ya mazishi.

"Nitaandika, dada. Jumamosi hii. Kwamba sijaonja bora kuliko hii tangu nizaliwe."

"Na wakiuliza inauzwa wapi? Utawaelekeza kwenye maua?"

"Tununue mapipa mengine. Mimi na wewe."

"Mapipa yapo mengi. Yale ya baba yalikuwa na vijidudu wenyeji ndani ya mbao, Odiel, ndio walioifanya bia. Hao wanauzwa wapi?"

"Dada, mimi siku ile..."

"Kunywa. Povu linashuka."

Wakanywa, nusu kwa nusu. Kisha Lutgard aliosha glasi zote mbili, akampa koti lake.

Odiel aliandika kurasa tatu, akazichana. Alichopeleka gazetini kilikuwa jina la Lutgard De Mol, na chini yake mstari mmoja: "Bia hii huugua, kisha hupona."

Mhariri akapiga simu. "Mwalimu, safu iliyobaki iko wapi? Na kichekesho kiko wapi?"

"Kipo kwenye mzunguko wa barabara," alisema Odiel. "Kimeota maua."