Walificha Jina Nisiloitwa

Jina langu la ubatizo analijua mama yangu kule Samuye, analijua paroko, na benki. Hapa machimboni, jirani na Bugarama, ninapowapikia wachimbaji wali na maharage, hakuna anayelijua. Naitwa kwa jina la kifungua mimba wangu. Humu nitajiita Mama Nanihii, maana kuonekana kumenichosha.

Na si mimi tu. Huku mtu akija anaacha jina lake kwao. Mmoja anaitwa kwa mkoa aliotoka, mwingine kwa jino lake la dhahabu, mwingine kwa kitu alichofanya siku moja akiwa amelewa na ambacho hawajamsamehe mpaka leo. Ukienda kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, ukamuulizia mtu kwa majina yake matatu, watadhani wewe ni askari.

Ndiyo maana siku ya kuandikishwa kliniki, ninakochukua dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, nesi aliniuliza pia, "Na unajulikana kama nani?" Nilimwona ana akili. Wachimbaji wakisikia dhahabu imetoka upande wa Geita wanahama asubuhi hiyohiyo, na aliyeacha dawa humpati bila jina la mtaani. Nikamtajia. Akaliingiza kwenye kompyuta, akaniahidi kwamba siri yangu haitatoka humo.

Mwaka jana mradi unaosimamia kliniki ukatuita kwenye semina, ukumbi wa kanisa. Watu walikuwa wanakwepa kupima wakidai siri zitavuja, kwa hiyo waliita mwakilishi kutoka kila kundi. Mimi nilikwenda kwa niaba ya mama lishe. Pembeni yangu alikaa msimamizi wa duara moja ambalo vijana wake wote walikuwa wanakula kwangu. Mbele alisimama mtaalamu wa takwimu, baba mzima, shati limenyooka kwa pasi. Akawasha projekta, ukuta ukajaa maandishi.

"Hizi ni taarifa za kweli za wateja wetu," alisema kwa majivuno. "Haya, nani anaona jina la mtu hapo?"

Kweli, kwenye safu ya majina kulikuwa na nyota tupu. Lakini safu ya pili ilikuwa na kichwa "Anajulikana kama", na haikuwa na nyota hata moja. Ikafuata kazi, ikafuata kambi, ikafuata dawa. Katikati ya ukuta nikajisoma mwenyewe: nyota, nyota, nyota, Mama Nanihii, mama lishe, kambi yetu, dawa zangu.

Ukumbi ulinyamaza. Yule bwana akadhani tumeridhika.

"Baba, zima hiyo mashine," nikasema.

"Ondoa wasiwasi, mama. Majina yote yamefichwa."

"Nimesema zima!"

Alizima, lakini waliokuwa wanajua kusoma walishasoma. Kesho yake nilirudi nyumbani na sufuria zimejaa. Huyu ameshiba, yule tumbo linamsumbua, yule wa tatu ghafla amefunga na wala si Mwislamu. Virusi haviambukizi kwa wali, hilo hata wao walishafundishwa, ila ungemwambia nani? Na sufuria zile ndizo zinazowasomesha watoto wangu.

Nikamfuata mtaalamu ofisini. Nilitegemea angalau aone aibu. Badala yake alinieleza, kwa upole kabisa kama anayefundisha chekechea, kwamba safu za kufichwa zinachaguliwa makao makuu, na kule jina maana yake ni la kwanza, la kati na la ukoo. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote duniani anayeniita hayo matatu. Akasema wanalishughulikia. Kila niliporudi walikuwa wanalishughulikia. Nilitamani kulia, nikaishia kubamiza mlango.

Baadaye mwaka huohuo yule msimamizi wa duara alikuja jikoni kwangu mchana, hakuna watu. Shati lilikuwa linamning'inia mwilini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umekumbuka njia?"

Akakaa kwenye benchi, akazungumza akiangalia chini. Alikuwa amepima mjini Kahama, akakutwa nao. Alitakiwa kuanza dawa kliniki ya karibu, na hakuwa ameanza.

"Nikienda, na mimi nitatokea ukutani, mama. Vijana wakijua, nani atakubali kushuka shimoni chini yangu?"

"Vijana haohao uliowakataza wasile kwangu?"

"Nilikosea, mama."

Nilikuwa na hasira naye, sitadanganya. Lakini ukimtazama ile mifupa ya mabega, mtu alikuwa anakufa mbele yangu kwa sababu ya safu moja ya kompyuta. Nikafunika moto, nikamshika mkono tukaenda.

Kliniki, kwenye kompyuta, tulimkuta mtaalamu mwenyewe. Akaingiza majina matatu. Kisha akauliza, "Unajulikana kama nani?"

Msimamizi akaangalia mlango.

"Hapo paache wazi," nikasema.

"Haiwezekani. Pakiwa wazi mfumo hauendelei."

"Basi weka jina lolote."

"Na akipotea tutamtafutaje, mama?"

Msimamizi akasimama, akavaa kofia yake. Nikamvuta shati, nikamrudisha kitini.

"Andika Mama Nanihii, na kazi mama lishe."

"Mama, huyu ni mwanaume."

"Akipotea, njooni kwangu, nitamtafuta mimi. Na siku mkiwasha tena hilo liprojekta lenu, nitatokea mimi mara mbili. Mimi nimeshaonekana, sina cha kuficha tena. Andika!"

Alinitazama, akamtazama mwenzangu, akaandika. Mfumo ukakubali, na nesi akaenda kumletea dawa.