Gari Lisilo na Kabila

Baba alipofariki alituachia nyumba ya Chanika, mbuzi wachache, na gari ambalo Handeni nzima hakuna aliyejua ni gari gani. Usoni lilikuwa Mwingereza, ubavuni Mjerumani, na nyuma lilikatika ghafla, utadhani aliyelitengeneza aliitwa kula. Majirani walibishana juu ya kabila lake tangu mimi sijaota meno. Baba akiulizwa alijibu, "Ni letu," kisha akaenda zake kutafuta watu wa kulisukuma.

Maana bila kusukumwa lilikuwa haliendi. Kati ya stendi na kwetu kuna kilima kifupi, na gari lile halikuwahi kukimaliza. Lilizimika mahali palepale, mbele ya mashine ya kusaga. Tukilisikia likikohoa huko chini, mimi na dada yangu tuliacha sahani tukakimbia. Dada alikuwa na nafasi yake nyuma ya gari, taa ya kushoto. Mimi nilikuwa taa ya kulia. Baba alikaa kwenye usukani akipiga kelele kwamba tusukume kiume, ilhali mwenye nguvu alikuwa dada.

Sasa dada ni mtu mzima, mwenye wajukuu na funguo za nyumba. Wiki ya msiba haijaisha, akaniambia, "Arobaini ikishasomwa, dude hili linaondoka. Mtu wa vyuma chakavu nimeshaongea naye."

Alikuwa na hoja zake. Nyoka alionekana chini ya gari, kuku walitagia kiti cha dereva, na pale alitaka kujenga jiko la nje. Lakini mimi hasira zangu ziko karibu, na nilimzika baba juzi tu. Nikamwambia kwamba anayemuuza baba kwa kilo huyu hapa.

Dada hakupandisha sauti. "Siku ya arobaini liwashe, lishuke stendi, lirudi mpaka hapa mlangoni kwa miguu yake. Likifika, litabaki, jiko nitajenga kwingine. Likishindwa, linapanda mizani."

Nikakubali kwa mbwembwe. Mimi ni mwalimu kule Hale, nafundisha watoto kusoma; kuhusu injini najua kwamba iko mbele. Nilifungua boneti, nikatazama humo kwa uso wa mtu anayejua, mpaka nikaona chuma kimoja chenye masikio matatu kimepasuka katikati. Nikakifungua, nikakitia kwenye kiroba, nikaenda nacho Korogwe.

Fundi wa magari wa Korogwe ana sifa nyingi, ila neno "sijui" hakulipata kwa mama yake. Wa kwanza alikipima chuma changu kwa mkono akasema ni cha lori la jeshi. Wa pili alisema ni cha trekta la shamba la mkonge, na akanilaumu kwa kukiiba. Wa tatu alikisugua kwa kidole, akakinusa, akafumba macho. "Mfaransa," alisema. "Mfaransa hata akioza ananukia."

Wa nne alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aligeuza kile chuma mara kadhaa akakirudisha kirobani.

"Mwalimu, kidude hiki hakina maandishi. Niletee ile chapa ya mbele ya gari. Nikiiona tu, nakutajia gari, na kipuri nakutafutia."

Chapa ninaikumbuka vizuri: kibati cha shaba chenye ndege, herufi zake zimefutika kwa kung'arishwa na baba kila Ijumaa. Lakini chapa haikuwapo. Ilichukuliwa na mtani.

Sisi ni Wazigua, na Wasambaa ni watani wetu. Siku ya mazishi alikuja bibi mmoja wa Mashewa, rafiki wa baba wa miaka mingi. Jeneza likiwa bado ndani, yeye alijifunga kanga ya pili, akakaa kwenye kiti cha dereva na kumwigiza marehemu: akakohoa kama gari, akapiga kelele, "Sukumeni kiume!" Watu waliokuwa wakilia wakacheka mpaka wakasahau walichokuwa wakililia. Kisha akatoa bisibisi kwenye pindo la kanga, akaing'oa chapa, akaivaa shingoni kwa kamba. Mtani akishika kitu msibani humnyang'anyi, unakikomboa. Sisi kwa majonzi yetu hatukukomboa, akaondoka nayo. Wakati ule hata sikujiuliza kwa nini mtu aje mazishini na bisibisi.

Nikapanda gari la Mashewa, mkononi jogoo wa kukombolea. Nilimkuta bibi barazani akishona, cherehani inalia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mzigua kuja mwenyewe huku! Njaa imewafika wapi?"

"Imetufika kwenu, bibi, tumesikia ndizi zimewashinda kumaliza." Akafurahi. Nikamweka jogoo mbele yake. "Nimekuja kuikomboa chapa ya gari."

Akamtazama jogoo, akanitazama mimi. Kisha akaondoa mkono wake juu ya cherehani. Ndege wa shaba alikuwa pale, amefungwa skrubu mbili mpya.

"Uikomboe vipi, na ni yangu? Mume wangu alipokufa, babako alikuja hapa kulia kwa utani. Alilala kwenye kitanda cha marehemu akadai uji. Wakati wa kuondoka akang'oa hiki kwenye cherehani yangu. Nikasema sikomboi ng'o, tuone. Naye akasema hanirudishii, tuone. Akakitia kwenye gari lake. Kila akipita huku anapiga honi mpaka nitoke nikione." Akashika pedali kwa mguu, asiikanyage. "Nimekisubiri mpaka yeye mwenyewe amekufa. Mshenzi yule."

Alisema "mshenzi" kwa sauti ya mtu anayemkumbuka sana mwenzake, na mimi machozi yakanitoka bila taarifa. Akaniacha nilie kidogo, halafu akanitania kwamba Wazigua hata machozi wanaazima.

"Basi gari lenyewe ni gari gani?" nikauliza.

"Gari gani! Aliliokota kipande kipande kwenye chuma chakavu cha shamba la mkonge. Boneti la huyu, mlango wa yule. Halina kabila lile. Ni babako tu alivyojisikia."

Jogoo alimchukua hata hivyo, eti fidia ya usumbufu wake. Akaongeza sharti: arobaini atakuja, na atapokelewa stendi na gari lilelile, maana yeye bodaboda hapandi.

Nilimrudia mzee wa miwani nikiwa nimekata tamaa. Nilipomweleza, alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. "Ungesema mapema! Kama halina lake, basi chochote ni chake." Akafuatana nami Chanika, akachonga, akachomelea, akatia kipande cha pampu ya kumwagilia mboga. Gari likakohoa, likaunguruma. Kuku waliokuwa wakiatamia kiti cha dereva walihama kwa matusi.

Siku ya arobaini, kisomo kilipokwisha, nilishuka stendi nikiendesha kwa mikono miwili na dua zote. Bibi alikuwa akinisubiri. Alipanda mbele, akapunga mkono kwa stendi nzima kama kiongozi. Tulianza kupanda kilima. Nyumbani niliwaona wamesimama getini: dada na sahani yake ya ubwabwa, na mtu wa vyuma chakavu amekuja mapema na mizani yake.

Mbele ya mashine ya kusaga, gari likakohoa. Nikalisihi kwa majina yote ya baba. Likazimika palepale.

Ahadi ni ahadi, na nilijua kilichoshindwa pale. Nikainamia usukani ili nisitazame getini.

Nilipoinua macho nikamwona dada anashuka kilima anakimbia. Alikuwa bado na pande la ubwabwa mkononi. Akalitia mdomoni, akafuta mkono kwenye kanga, akapita nyuma ya gari upande wa kushoto bila kuuliza. Taa ya kushoto. Akageuka akamwona mtu wa vyuma chakavu, aliyemfuata, amesimama tu na mizani yake.

"Na wewe unasubiri nini?" akamfokea. "Shika taa ya kulia! Mwenye nafasi yake leo yuko kwenye usukani."