Fainali Niliyoiacha Jikoni

Mwaka jana nilirudi Toronto kwa tiketi niliyojinunulia mwenyewe, nikalala hotelini, si kwenye kochi la mtu. Nikapanda basi hadi Scarborough kuitazama shule yangu. Uwanja wa mbio haupo. Wameumwagia lami, magari yamejipanga pale nilipokuwa naanzia. Mimi, mwenye stashahada mbili na wafanyakazi wanaoniita bosi kule Morogoro, nilisimama pale nikataka kulia kwa hasira.

Nikuambie, rafiki yangu, miaka ile ya tisini hakuna msichana aliyeniweza kwa kuruka viunzi shuleni pale. Hakuna. Mwalimu wa michezo ndiye aliyenigundua. Ukumbini alitundika picha ya kijana mwenye masharubu, mwanafunzi wa chuo wa mwanzoni mwa karne ya ishirini, yuko hewani juu ya kiunzi. Enzi zile viunzi vilikuwa mbao nzito. Ukikigonga hakianguki, unaanguka wewe. Kijana yule alishinda mbio za vyuo, miguu imejaa makovu, kisha baba yake akamwita arudi kusimamia duka la familia. Habari yake ikaishia hapo. “Hakushindwa na mtu,” mwalimu alipenda kusema, “aliitwa tu nyumbani.” Nilimdharau kijana yule. Mimi nani angeniita?

Nilifanya mazoezi tangu theluji inayeyuka, vidole vimekufa ganzi, viatu vinanuka matope, hadi nikaingia fainali ya jiji.

Usiku wa kuamkia fainali ikaja simu: baba mdogo wa baba yangu amefariki Tanga. Sikuwahi kumwona. Asubuhi nyumba yetu ya ghorofani ilikuwa matanga. Kochi limesukumwa nje kwenye roshani, mikeka imetandikwa, Watanzania wametoka kila pembe ya jiji, Malvern hadi Dixon, korido nzima inanuka karafuu. Nikatoka chumbani na begi langu.

“Wewe, wapi?” mama akauliza.

“Fainali, mama. Ni leo.”

Jirani yetu, mwanamke wa Tanga mwenye mdomo, akapiga makofi. “Makubwa! Watu wanalia, mwenzetu anakwenda kurukaruka na kaptula!” Wakacheka, hata waliokuwa na machozi.

“Mbona kaka ameenda kucheza kikapu?”

“Kaka yako akae jikoni afanye nini?” mama akasema. “Weka begi. Vitunguu vile pale.”

Nikaweka. Saa ya mbio ilinikuta namenya vitunguu, kwa hiyo nililia bila kuulizwa. Nikasikia wakinisifu: mtoto ana uchungu na babu yake huyu.

Mwalimu hakunigombeza. Muhula uliofuata akahamia shule nyingine, timu ikafa, na mimi nikamalizia hapo.

Siku hizi, nasikia, misiba ya kule inakodiwa ukumbi na chakula kinaletwa tayari. Hakuna binti anayezuiwa jikoni. Umechelewa ustaarabu huo.

Mama anaishi nami sasa, kwenye nyumba niliyoijenga bila msaada wa mtu. Wageni wakija huwasimulia kaka alivyokuwa hodari wa kikapu. Juzi nikamuuliza, “Na mbio zangu, mama?”

“Mbio zipi tena, mwanangu?”

Haigizi. Amesahau kweli.