Udongo Usiojaza Shimo

Miaka ile Karatu mtu hakununua ardhi. Ardhi ilikuwa ya taifa. Ulinunua nyumba, kahawa na migomba, na kilichokuwa chini ya vitu hivyo hakikuingia katika mapatano. Ndiyo maana mume wangu, alipoonyeshwa nyumba ya tofali ya dereva mwenzake, aligonga kuta, akapanda kukagua bati, kisha akarudi Ngorongoro, tulikokaa, anatabasamu.

"Na chini je?" nikamuuliza.

"Chini kuna nini tena, mke wangu?"

Nilikasirika. Msimu ule nchi ilikuwa imetikisika mara kwa mara. Katika nyumba ya kazi, ambayo tulikuwa tumeambiwa tuirudishe, tetemeko likija mume wangu alimbeba mama yake mgongoni na kutoka naye. Mama alikuwa amepooza miguu. Lakini mume wangu aliendesha watalii, wiki nzima hayupo, na mama alikuwa mwanamke mrefu mwenye mifupa mizito. Nilikuwa nimejaribu kumwinua peke yangu, nikashindwa. Nyumba tutakamomweka ilipaswa kusimama yenyewe, la sivyo tumezika mtu.

Kwetu Uchagani, kabla ya kujenga, tulichimba shimo la kufika gotini, halafu tukarudisha udongo uleule. Ukibaki mwingine juu, ardhi hiyo haijawahi kuguswa, jenga. Udongo usipojaza shimo, hama. Mume wangu aliona aibu kumwambia mwenzake jambo hilo, ni sawa na kumtukania nyumba. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwishowe tulikwenda Jumapili, wenyewe wakiwa kanisani.

Shimo la kwanza tulichimba karibu na lango. Udongo ukajaza, ukabaki mwingine. Mume wangu akanicheka. La pili tukachimba nyuma, upande wa kilima, chini ya dirisha la chumba tulichomtengea mama. Ukutani hapo palikuwa na mstari wa chokaa mpya. Jembe lilizama bila kazi. Likatoka jivu, kisha vigae vya chungu. Mume wangu akaacha kucheka. Yeye ni Mwiraqw, na babu zake walichimba nyumba zao ndani ya kilima.

"Hapa palikuwa na nyumba ya zamani," alisema. "Wamefukia."

Tukarudisha udongo wote, tukaukanyaga. Pakabaki bonde la kutosha kulaza mbuzi.

Nilipoinua kichwa, uani kulikuwa na watu. Mtu akichimba nyuma ya nyumba ya mwenzake Karatu, anatafuta kitu kimoja tu, dhahabu ambayo Wajerumani walisemekana kuizika walipokimbia vita.

"Mali ya Mjerumani!" mmoja alipaza sauti. "Wameshatoa chungu!"

Majembe yakaletwa. Nikawaomba wasichimbe karibu na ukuta, na kadiri nilivyoomba ndivyo walivyoamini kuwa mali ipo. Mwenye nyumba akafika na koti lake la kanisani, mkewe nyuma yake ameshika Biblia. Akamkamata mume wangu ukosi.

"Ndugu, unanichimbia nyumbani kwangu? Toa ulichokitoa!"

Mume wangu akayatazama majembe, kisha akamtazama rafiki yake. Akisema kweli, nyumba ya rafiki yake haitapata mnunuzi tena. Asiposema, watu wataufukua msingi palepale. Mimi sikuvumilia.

"Hakuna mali," nilisema kwa sauti. "Chumba hiki kimekaa juu ya shimo lililofukiwa."

"Shemeji, nyumba hii haijaanguka tangu niijenge."

"Na ufa ulioufunika kwa chokaa pale dirishani?"

Akaachia ukosi. Waliokuwa na majembe wakayashusha.

"Saruji ilipatikana kwa kibali tu," alisema polepole. "Ningepata wapi ya kujaza msingi wa kwenda chini? Nilifukia shimo kwa udongo, nikajenga."

"Ulijua mama yangu hawezi kukimbia," mume wangu akasema.

"Nilijua."

Nasema kweli, nilifurahi. Nilitaka kumgeukia mume wangu nimwambie, umeona? Mke wa mwenye nyumba akatangulia kusema.

"Na wanangu wanaolala humo?"

Mara akampa jirani Biblia yake, akaingia ndani. Tukasikia kitanda kikiburutwa sakafuni, kikakwama.

"Dada," aliniita, "njoo unishikie upande huu."

Sikutaka kuingia chumba kile. Niliingia. Kitanda kilikuwa cha mbao nzito, mlango mwembamba, na godoro bado lilikuwa na alama za watoto waliokuwa wameamka hapo asubuhi ileile. Tulivuta, tukageuza, tukavuta tena. Mume wake akaja akainama ashike mguu wa kitanda.

"Usiguse," mkewe alimwambia, na tukaendelea kuvuta sisi wawili.